Robo Saa ya Mwisho Kista

Mimi ni mtu wa kubishana, sitaki kudanganya. Nyumbani walitarajia niwe wakili. Nikaishia kufuta meza za mainjinia huku Sweden, pale Kista, lakini mdomo haukubadili kazi.

Mwenzangu wa zamu alikuwa dada mmoja Mrundi, mpole, Mkatoliki aliyekuwa ameacha kwenda misa. Kila siku saa tatu asubuhi tulipata robo saa ya fika, yaani mapumziko ya kahawa, tukakaa kwenye jiko dogo la ghorofa ya nne na vikombe vyetu. Alijua mimi ni mlokole. Asubuhi moja akaniuliza, akikoroga kikombe, "Dada, Mungu anasamehe hata kama uliyemkosea ameshakufa?"

Mtu mwenye busara angeuliza ni nani huyo. Mimi je? Nikauliza, "Kwani wewe ulibatizwa wapi?"

Lo! Hapo ndipo nilipopotea. Akasema alibatizwa angali mchanga. Nikamwambia huo si ubatizo, huko ni kunawishwa uso. Akacheka, akanijibu kwamba sisi tunazamishwa kwenye bwawa la kuogelea, tunatoka tunanuka dawa ya maji tukidhani ni Roho. Jamani, alinipata! Kesho yake nikaja na mistari ya Biblia kwenye simu. Keshokutwa tukahamia kwenye rozari, wiki iliyofuata watakatifu. Jioni nilirudi nyumbani Hagsätra kwa treni nikipanga hoja kituo baada ya kituo, nikijiona mhubiri hodari. Hata mume wangu nilimwambia yule dada yu karibu kuokoka, maana nilishamfunga mdomo mara mbili.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, akaniambia amehamishiwa jengo jingine kule Södertälje kuanzia Jumatatu. Ilibaki fika moja tu. Ndani ya treni nikaanza kutafuta hoja ya kumalizia, na badala yake nikakumbuka lile swali lake la kwanza. Sikuwahi kulijibu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Ijumaa akaja na sambusa, na uchokozi wake. "Haya, mlokole, leo tunaanza na Bikira Maria?"

Ulimi uliniwasha. Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Nikalimeza pamoja na kahawa.

"Leo sibishani," nikasema. "Uliniuliza kama Mungu anasamehe hata kama uliyemkosea ameshakufa. Anasamehe, dada. Ulimkosea nani?"

Akaweka sambusa chini. Aliyemkosea alikuwa mama yake. Alimwacha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania alipopata nafasi ya kuja huku, akaahidi watakuwa wanaongea kila Jumapili. Miezi ya mwisho hakuwa akipokea simu, kwa kuwa mama alilia kila mara na yeye alikuwa amechoka kulia. Mama akafa hivyo. Tangu siku hiyo hakusali tena, hakujua aanzie wapi.

Nikamwambia Yesu alikufa kwa ajili ya hilo pia, hilo hilo la simu. Nikanyamaza. Naapa, kunyamaza kule kulinitoa jasho.

Zilibaki dakika nne. Akasema, "Basi muombee mama yangu."

Mungu wangu! Kanisani kwetu hatuombei wafu. Mistari yote ya kumsahihisha ilinijaa kooni. Nikamtazama, nikaona ameshafumba macho na kukunja mikono juu ya aproni. Nikafunika kombe mwanaharamu apite.

"Mama aliitwa nani?" nikamwuliza.

Akanitajia. Nikamwomba Mungu amsamehe binti huyu, amrudishie amani, kisha nikalitaja jina la mama yake kwa sauti, mbele za Bwana, nikalirudia. Kama nilikosea, nitajibu mwenyewe.

Tulipofumbua macho alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtiririka.

"Tangu nifike Sweden," akasema, "hakuna mtu amewahi kulitaja jina la mama."