Uso wa Kuumwa

Jumanne nilikaa kwenye benchi la zahanati moja pale Manundu, nikisubiri majibu ya malaria. Mbele yangu muuguzi kijana alikuwa akimhoji mama mmoja wa Magoma, anayesumbuliwa na maumivu chini ya kitovu. Alimwonyesha kadi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia anayecheka hadi anayelia.

"Shikamoo mama. Maumivu yakikubana, uso wako unakuwa upi?"

"Marahaba." Mama akaikagua kadi kama anayechagua nyanya gulioni, kisha akamgusa anayecheka.

"Huyo haumwi, mama."

"Lakini ndio uso ninaouvaa, mwanangu. Nikinuna, mama mkwe anauliza nimemchukia kwa lipi, na vitumbua vyangu havinunuliwi."

"Na huyu anayelia?"

"Huo ni wa msibani."

"Huyu wa katikati?"

"Huo wa vikao vya kijiji."

Muuguzi akajikuna kichwa kwa kalamu. "Sasa mama, nikuandikie huna maumivu?"

"Andika tu. Ila fanya haraka, nimesimama muda mrefu na kukaa siwezi."

Nadhani kadi ile ilichorwa na watu ambao wakiumwa huruhusiwa kununa. Watu kama mimi, maana nilirudi nyumbani na malaria yangu nikigumia tangu njiani, ili majirani wasikie.

Mke wangu alinipokea kwa tabasamu pana, akanitengea uji. Miaka yote tabasamu lile limenifurahisha. Jumanne lilinitisha.