Abee Mbili za Getruda

Madam ameniita Maryam tena asubuhi hii, nami nimechoka, rafiki yangu, nimechoka kabisa. Hapa Al-Suwaidi, mtaa wa Waarabu nilikokuja kufanya kazi za ndani, kila mfanyakazi aliyepitia nyumba hii aliitwa Maryam, na nikiondoka atakuja Maryam mwingine. Ni jina zuri, silichukii, lakini si langu. Mimi ni Getruda.

Nilirithi jina hilo kwa nyanya, mama yake baba, kule Wundanyi. Yeye alipewa na padri siku ya ubatizo, akaelezwa kuwa limetoka kwa Wajerumani wa kale na maana yake ni nguvu za mkuki. Alikuwa akisimulia hayo huku akiponda kimanga, mvuke wa maharagwe na muhogo ukimpanda machoni, na hakukosa kulalamika, "Nimchome nani na huo mkuki? Si angenipa jina la mwiko!"

Mwalimu aliniita Getrudi, jirani Truda, shangazi Getu. Nyanya aliniita wajina. Baba ndiye aliyenichosha: kwa kuwa nilibeba jina la mama yake aliniita mama, halafu mama huyohuyo anatumwa maji! Mtu akiita Getruda uani, abee zilitoka mbili, moja jikoni na moja zizini, na sote tukacheka.

Shuleni waliponibandika majina ya utani, nyanya alikuja juu. "Usiitikie jina lisilo lako, wajina. Ukiitikia, na mimi umenifuta."

Hayo nilijaribu kumweleza madam. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Yalla, haraka, Maryam, chai."

Mwezi uliopita nyanya alizidiwa, akataka kusikia sauti yangu. Simu yangu madam huifungia kabatini hadi Ijumaa, kwa hiyo binamu yangu anayefanya kazi Al-Rawdah, kule Jeddah, akampigia madam, akaomba kuongea na Getruda.

"Mafi Getruda hapa," madam akamjibu, yaani hayupo. "Halas, basi." Akakata, na hakushika simu tena.

Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipiga pasi, wala sikusikia. Wala hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi: alikuwa amesahau kweli. Ijumaa nilipopewa simu, binamu alinieleza yote akilia. Nyanya alikuwa ameshazikwa.

Sasa madam ametoka, nami nimebandika maharagwe. Nimeita mwenyewe kwa sauti, "Getruda!" Nikaitikia, "Abee!" Kisha, mjinga mimi, nikaingoja ile ya pili.