Mama Mkwe na Joto la Prosesa

Mume wangu Lameck ni mtu wa polepole. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu nimeishi naye na nimechoka. Samaki mmoja, sato wa kawaida tu, atamla mpaka wenzake wamenawa mikono, wamemaliza stori na vyombo vimeoshwa, yeye bado anachambua kichwa. Ukimwuliza swali nyumbani asubuhi, jibu linaweza kukukuta sokoni. Alikulia Butiama akichunga ng'ombe wa baba yake, na mimi huwa namwambia ng'ombe ndio walikuwaga wanamchunga yeye.

Kazi yake ni video za sherehe. Harusi, send-off, kipaimara, kote Musoma wanamjua, Lameck wa kamera. Kupiga anapiga vizuri, hilo siwezi kumnyima. Shida ni kumaliza. Anazileta zile video nyumbani kwetu Mukendo, kwenye kompyuta ya sebuleni, anazikatakata, anaziunga, anaweka maua na nyimbo, halafu mwisho mashine yenyewe inatakiwa izipike zote ziwe video moja. Hapo ndipo ilipokuwaga inatuua. Inaanza kupika asubuhi, jioni imefika nusu, umeme unakatika. Kesho unaanza upya.

Video iliyotufikisha pabaya ni ya Khalidi. Huyu anauza vipuri vya pikipiki Manyamanyama, kule Bunda, na alimwoa Samia kwa harusi iliyofunga mtaa. Video ikachelewa mpaka Samia akapata mimba, akajifungua, mtoto akaota meno. Muda wote huo Khalidi alikuwa anapiga simu kwa upole. Siku moja akapiga bila upole.

"Lameck, Ijumaa nina wageni, wakwe zangu, wanakuja kuangalia hiyo video. Isipokuwepo, nitawaambia watu wote wa Bunda wewe ni mtu wa aina gani."

Nusu ya wateja wetu wako Bunda. Lameck aliweka simu mezani, kisha akasema neno lililonikata maini. "Mama Bhoke, hii video isipotoka mpaka Ijumaa, nauza mashine, naenda Buhemba kwa Nathanieli."

Nathanieli ni kaka yake, anachimba dhahabu Buhemba. Aliaga anakwenda kujaribu kidogo tu, na mpaka leo watoto wake wanamwamkia kama mgeni. Mimi sikuolewa ili nikae na sauti ya mtu kwenye simu. Nikamwambia wazi kwamba sitaki. Akasema hana njia nyingine. Nikalia, nikamtukana kidogo, nikalia tena.

Njia ikapatikana kwa Omari, fundi wa kompyuta kule Bunda. Lameck aliipakata mashine kwenye basi kama mtoto wa kwanza, akaipeleka. Omari akaifungua, akaitazama, akasema, "Prosesa yako, huu ubongo wa mashine, ni ile aina inayokubali kukimbizwa. Sasa hivi inatembea tu." Lameck aliponiambia hivyo nikacheka, maana nilijua imemwiga nani.

Omari akaisafisha vumbi, akaifunga feni kubwa, akapaka pesti ya kupozea, ile nyeupe inayofanana na dawa ya meno. Kisha akamfundisha Lameck kama mtu anayejifunza kuendesha gari. Unaingia kwenye mipangilio, unaongeza kasi kidogo sana. Unawasha programu ya kuitesa mashine, unaiacha iteseke nusu saa huku unaangalia joto. Likibaki chini ya nyuzi themanini, unaongeza tena kidogo. Likigusa tisini, unarudi chini papo hapo. Umeme unaoingia kwenye prosesa usiuchezee, huo ndio unaoua. Na mashine ichomekwe ukutani moja kwa moja, isipewe waya wa kuungaunga.

"Na usiwe na haraka," Omari akamalizia.

Haraka na Lameck hawajawahi kukutana. Nikaona safari hii tumepata kazi ya saizi yake.

Akarudi na mashine, akaipanga mezani sebuleni, akasema kesho Mungu akipenda anaanza. Kesho yake, kabla hajamaliza chai, akaletwa mama yangu.

Mama aliteleza zizini huko Butiama akikamua. Hospitalini wakamfunga bandeji ngumu mguuni na kumkataza kutembea. Kaka yangu Yusto akamchukua kwa bajaji, akamweka kwenye kochi la sebule yetu, mguu juu ya stuli, uso wake na kompyuta ya Lameck vinatazamana. Akasema ana haraka, akaondoka. Yeye haraka anazo, tena nyingi.

Asiyejua mambo ya kwetu atauliza tatizo liko wapi. Kwetu mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Siku hizi wapo waliolegeza, wanakula meza moja na kupiga selfi. Mama yangu hayumo kwenye hao, na Lameck ndiyo kabisa. Tangu anioe, Mama anamjua kwa kisogo.

Nikasema kompyuta ihamie chumbani. Nikakumbuka soketi ya chumbani iliungua na mwenye nyumba anatuahidi tu. Nikasema basi Mama ahamie chumbani. Mama sebuleni na Lameck uani wakasema "hapana" kwa pamoja, maana mama mkwe kulala kitandani kwa mkwe ni jambo la wazee kuitana. Nikakaa chini nikiwaza nimekosa nini duniani.

Mama ndiye aliyepata ufumbuzi. "Flora, mwambie mkwe wangu kazi ni kazi. Akitaka kuingia akohoe, mimi nitajifunika."

Basi ikawa hivyo. Lameck anakohoa mlangoni, Mama anajifunika khanga kichwa chote. Lameck anaingia kinyumenyume, anafika mezani kwa kupapasa, anaongeza kasi kidogo, anawasha ile programu ya mateso, anatoka mbio kuingia chumbani na kushusha pazia. Mama anajifunua. Lakini nusu saa nzima chini ya khanga na joto letu hili hakuna mzee anayeiweza, kwa hiyo kazi ya kuangalia namba ikabaki kwake. Mama anasoma vizuri, kanisani ndiye anayesomaga neno. Lameck alikuwa ameikuza ile namba ya joto kwenye kona ya skrini, unaiona hata ukiwa jikoni.

Na mimi nikawa simu.

"Flora, mwambie mkwe wangu ni hamsini na nane."

"Baba Bhoke, ni hamsini na nane."

"Mwambie mama ahsante."

"Mama, anasema ahsante."

"Mwambie asijali."

Kati yao kulikuwa na pazia tu, tena jepesi, walikuwa wanasikiana mpaka pumzi. Mimi nilirudia kila neno mpaka mate yakanikauka. Walipoanza kuulizana hali ya mvua Butiama nikasema imetosha, nina vitenge vyangu sokoni vinanisubiri, nikawaacha.

Jua lilikuwa limepanda sana alipokuja Mama Fredy, jirani yangu, hadi kwenye meza yangu ya vitenge. Hakunisalimia.

"Flora, nenda nyumbani. Mama yako na mume wako wanaongea na kompyuta."

"Wanaongeaje?"

"Mama yako anaiambia, wewe kompyuta, mwambie mkwe wangu ni sitini na mbili. Mume wako anajibu akiwa chumbani, kompyuta, mwambie mama tunaendelea. Hayo mashetani yakihamia kwangu utanieleza."

Nikamwachia meza, nikaenda mbiombio. Nafika mlangoni, nakuta sebule kimya. Feni haivumi. Skrini nyeusi tii. Mama ameshika khanga kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Nyuma ya pazia nikasikia zipu ya begi.

"Kompyuta," Lameck akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwambie mama simlaumu. Joto lilikuwa sitini na tatu. Kama mashine imekufa kwa sitini na tatu, basi ilikuwa mbovu toka zamani. Mwambie amwambie Flora kesho naenda Buhemba."

Nikaingia ndani. Nikamwona Mama anashika kochi, anajiinua na ule mguu wake wa bandeji, anaruka kwa mguu mmoja mpaka mlango wa chumbani. Nikadhani anapita kwenda chooni. Akalishika pazia akalivuta lote pembeni.

"Lameck," akasema.

Kwa jina lake, tena uso kwa uso. Lameck alikuwa amekaa kitandani na begi mapajani. Alinyakua mto, akauweka usoni.

"Haikuwa sitini na tatu," Mama akasema. "Ilikuwa tisini na saba."

Mto ukashtuka.

"Toka saa ngapi?" mto ukauliza.

"Toka asubuhi inapanda. Ilipofika themanini na nane nikasema labda itapoa yenyewe. Mimi nikuambieje? Mama mkwe anampelekea mkwe wake neno baya kwa mdomo wake? Hata ng'ombe wako akifa, natuma mtu. Sasa Flora yuko sokoni, nimtume nani? Hii kompyuta ndiyo mgonjwa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye kwa heshima alikuwa anashusha namba. Lameck kwa heshima hakuuliza mara mbili, maana kumwuliza mama mkwe mara mbili ni kumwita muongo, na kila alipoingia mateso yalikuwa yameisha, namba imeshashuka. Na kwa kuwa namba zilikuwa tamu, yule mtu wa polepole, siku hiyo moja katika maisha yake, akashikwa na haraka. Akapandisha, akapandisha. Wamenyenyekeana wee mpaka mashine ikazima.

"Toa huo mto," Mama akasema. "Aibu ni yangu na nimeshaibeba. Binti yangu hataachwa mjini peke yake kwa sababu mimi nilikuwa naona haya kutaja tisini."

Lameck akashusha mto mpaka puani. Macho yakabaki nje. Wakatazamana, na mimi nikatazama dari kwa sababu sikujua pa kuweka macho yangu.

Basi Lameck akakumbuka neno jingine la Omari. Mashine ikizidiwa na joto inajizima yenyewe kabla haijaungua. Tukaiacha ipoe. Mama aliigusa ubavu kwa nyuma ya mkono, vile anavyogusaga mtoto mwenye homa, akasema bado, akagusa tena, akasema sasa. Lameck akabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Sikuwahi kufikiri nitakuja kumshukuru Mungu kwa sababu ya feni.

Akarudisha kasi chini. Kisha akavuta kigoda, akakaa ubavuni mwa kochi, hakujifunika mtu wala hakukohoa mtu.

"Ngapi, mama?"

"Themanini na nne."

"Kweli?"

"Themanini na nne, na inapanda. Shusha."

Akashusha. Wakaiweka tena kwenye mateso, nusu saa, ikatulia kwenye sabini na sita, ikagoma kupanda. Lameck akataka kuongeza kidogo, Mama akamkatalia, naye akatii. Kasi tuliyobaki nayo haikuwa ya ajabu, ila video ya Khalidi ilipikwa ikaiva siku hiyohiyo, na umeme ulipokatika ulikuta tumeshamaliza.

Ijumaa wageni wa Khalidi waliiangalia mara mbili. Samia akapiga simu kulalamika kwamba kwenye kukata keki pua yake imetoka kubwa. Hakutaja lolote jingine, na Lameck akasema hizo ndizo pongezi za Bunda.

Yusto aliposikia kwamba Mama na mkwe wamekaa chumba kimoja akasema lazima atolewe mbuzi wa kuondoa mkosi. Mama akamwambia sawa, atoke kwenye zizi lake Yusto, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtua sebuleni bila kuuliza. Habari za mbuzi zikaishia hapo.

Jumamosi tukiwa tunakunywa chai, simu ya Lameck ikaita. Ilikuwa Nathanieli. Sauti yake niliisikia mimi niliyekuwa jikoni najaza birika, anauliza amsubiri lini, nafasi kwenye shimo bado ipo. Lameck akainua kikombe kwanza. Akanywa polepole vile vile anavyokulaga samaki, na mimi na birika mkononi nilikuwa najisikia kufa.

"Siji, kaka," akasema. "Nina harusi nyingine ya kupika. Mama anasema safari hii tuanze mapema."

Nikaweka birika chini, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo, nikalia kwa sauti. Mama Fredy akaja mbio, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mume wangu amebaki.