Mpalizi wa Makaburi

Tangu afiwe na mumewe, Joviana wa Kamachumu alijitwisha kazi ambayo hakutumwa na mtu: kupalilia makaburi ya ukoo mzima, kule migombani. Hayakuwa na misalaba wala saruji. Kila kaburi lilikuwa na mti wake wa mulamula, naye aliijua yote kwa majina ya waliolala chini yake. Ule mwembamba kuliko yote ulikuwa wa Ildefons, mwanawe wa pekee.

Ujamaa ulipofika, wanakijiji walijitolea kung'oa mipaka ya vibanja ili mashamba yawe ya pamoja. Na mpaka kwetu ni mulamula huohuo. Nani angesimama kuuliza upi wa mpaka, upi wa marehemu?

Siku hiyo Joviana alikuwa Kibeta akimuuguza dada yake. Aliporudi alikuta ardhi tupu, miti imerundikwa kando.

“Mama Ildefons, na huku kwako tumekusaidia,” alisema Protase, kiongozi wao, akijifuta jasho. “Sasa upumzike.”

Joviana aliinama. Alichambua lile rundo mpaka jua likazama, akachagua shina moja jembamba, bila hakika kama ndilo, akalipanda mlangoni pake. Mulamula hauchelewi kushika. Mpaka anakufa, kila asubuhi alipalilia pale, mahali ambapo hakuzikwa mtu.