Siku Hizi Maiti Humshika Mkono Luseane

Saa tatu asubuhi, Luseane Vakalahi anavaa glavu za sufu, juu yake anavaa za mpira, kisha anausukuma mlango wa chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti. Nje, mtaa mzima wa Mangere, jijini Auckland, New Zealand, umelowa mvua. Ndani amelala mzee wa Kitonga, wa visiwa vya Tonga katika Pasifiki, aliyeletwa jana, akingoja kuviringishiwa mkeka na nguo ya magome ya mti.

"Samahani, baba," anamwambia. "Nakugusa."

Anamgusa, na anayeshtuka ni yeye. Mkono unaruka kama ulioshika waya wa umeme.

"Siku hizi wao ndio hunishika kwanza," anasema, akicheka kicheko kisichofika machoni.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mama huyu wa miaka hamsini na minane amewavika wafu wa Watonga wa Auckland. Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini. Kila baada ya wiki mbili hutundikiwa dripu ya dawa za mchanganyiko, kisha hurudi nyumbani na kichupa kiunoni, kikimdondoshea dawa kwa siku mbili. Mojawapo ya dawa hizo huchokoza mishipa ya fahamu hata isivumilie baridi: maji ya bomba humchoma koo, chuma humng'ata vidole. Kazini sasa huja siku mbili tu kwa wiki.

Muuguzi alimweleza yote hayo, naye akaelewa vizuri. Woga haukuondoka.

"Kushtuka ni afadhali," anasema. "Mwezi uliopita nilimshika bibi mmoja mkono, sikuhisi kitu. Hata baridi. Nikajiuliza, kati yetu sisi wawili, maiti ni nani?"

Daktari anasema uvimbe umepungua, na dawa ile inayochokoza mishipa iachwe kabla ganzi ya vidole haijawa ya kudumu; nyingine ziendelee. Luseane anasitasita. Anahofia akilegeza kamba, ugonjwa utamrukia upya.

Mchana, nyumbani, Luseane bado ana glavu za sufu na hawezi kushika kijiko cha chuma, hivyo mama yake, Bi Kalolaine, mwenye miaka tisini na moja, anamlisha magimbi. Jirani yao Toakase anaingia, anaona glavu, anaona mtu mzima akilishwa. Kwa Watonga, hivyo hulishwa aliyeshika maiti ya mtu anayemzidi cheo, kwani mikono yake ni mwiko kwa chakula. Anaketi sakafuni, kichwa chini.

"Nani ametutoka?" ananong'ona.

"Hakuna," anajibu Bi Kalolaine. "Acha uchuro wako!"

Toakase haamini. Macho yake yanakwenda kwa mama, yanarudi kwa binti, kana kwamba mmoja wao anamficha jambo.

Luseane anameza, kisha anamgeukia Toakase.

"Nitaiacha dawa ile," anasema. "Vidole navihitaji. Siombi miaka mingi. Namwomba Mungu niishi siku moja tu zaidi ya mama, nimvike mwenyewe, na nimhisi."

Bi Kalolaine anachota kijiko kingine.

"Siku moja? Mazishi yangu ni ya wiki nzima, we mtoto. Fungua kinywa."