Magadi Niliyoitia Betri ya Masanja

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu Shija. Juzijuzi uliponionyesha kwenye simu yule mtu anayemimina vitu vya jikoni ndani ya betri ya gari, nilicheka. Ukadhani nakudharau. Hapana. Kaa hapa karibu, hilo gari lako lililozimika halitakukimbia.

Ulikuwa hujazaliwa bado. Baba yako alikuwa na pikapu kuukuu, akibeba watu na mizigo kwenda mnadani Mwandoya. Asubuhi moja ikagoma kuwaka. Wakaisukuma, wapi! Baba yako akajifuta jasho, akasema, "Kama betri imekufa, itabidi tumuuze Madoa." Kisha akapanda baiskeli kwenda kumtafuta fundi.

Madoa alikuwa ng'ombe wangu. Mama mkwe alinipa nilipomzaa dada yako, ili mtoto asikose maziwa, na hatukuwa na mwingine wa kukamua. Nilipenda mno kumsikia akipumua karibu na dirisha letu. Nikaamua kuiponya hiyo betri kabla hawajarudi.

Nani alinifundisha? Hakuna. Betri za redio tulikuwa tukizianika juani, na redio ikasema siku mbili zaidi. Basi nikalitoa lile lidude zito, nikaliweka juu ya jiwe, likaota jua mpaka mchana. Halafu nikakumbuka magadi. Magadi yanalainisha maharage yaliyokataa kuiva, yanatuliza tumbo lililojaa gesi. Mimi nikaona betri nayo imevimbiwa! Nikakoroga kikombe kizima, nikafungua vifuniko vyake, nikamimina.

Povu likafoka kwenye kila tundu, likanirukia. Nikaruka nyuma, bahati tu halikunifika machoni. Lilipotulia nikafunga vifuniko, nikajipongeza kwamba ugonjwa umetoka.

Asubuhi yake baba yako akaja na fundi, mzee mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima zote. Akafungua betri, akachovya kipimo chake, akainusa, akatutazama.

"Nani katia magadi humu?"

Nikainamisha kichwa, na hapo ndipo nikaona khanga yangu. Ilikuwa na matundu madogo madogo mbele yote, pale yale maji makali yaliporukia. Baba yako naye aliyaona. Akasogea, akasimama kati yangu na yule mzee.

"Mimi," akasema.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakasirika. "Masanja, betri hii ilikuwa imeisha chaji tu! Mkanda wa altaneta umelegea, haikuwa inachajiwa. Ningeichaji taratibu mpaka kesho, ingeamka. Magadi unaoshea vichwa vyake kwa nje, vikiota ukungu mweupe, tena vifuniko vimefungwa. Ndani umeua tindikali yote. Sasa imekufa kweli, na daktari wake ndiye kaiua."

Madoa akauzwa wiki ile ile. Kamba niliifungua mwenyewe, nikalia. Fundi naye hakuwa na siri, na kufika mnada uliofuata kila mtu alikuwa akimwita baba yako Masanja Magadi. Jina unalijua. Ulipigana shuleni kwa ajili yake, ukarudi na shati limechanika. Mimi nikalishona lile shati na sikusema neno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ng'ombe. Kila mara nilisema nitaeleza kesho, na miaka ikapita, wala baba yako hakunidai hata siku moja.

Sasa Jumapili, wewe ukiwa kazini Nyalikungu, tulikuwa harusini Mwandoya. Mshereheshaji akatangaza, "Tumkaribishe Mzee Masanja Magadi na mama!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi yule mtu wa kwenye simu yako alikuwa bado ananisumbua. Nikasimama, nikaomba kipaza sauti. Nikasema, "Magadi niliyatia mimi." Nikaeleza yote, na matundu ya khanga.

Vigelegele vikapigwa. Baba yako akanivuta mkono, anacheka huku machozi yanamtoka. "Mke wangu, jina nimelizoea, leo umeninyang'anya mbele za watu. Sasa nitaitwa nani?"

Kwa hiyo nisikilize. Hilo gari lako, osha vichwa vya betri, vikaze, kisha mpelekee fundi aipime. Kama imeisha chaji, ataichaji. Kama imekufa, imekufa, nunua nyingine, na usiimiminie uganga wa simu wala wa mama yako. Ukitaka kukiponya kitu unachokipenda, uliza kwanza kinaumwa nini, maana mimi nilikuwa na haraka ya kumwokoa Madoa na ndiyo iliyomuuza. Na siku ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka.

Mungu akupe gari la kuwaka asubuhi, mwanangu, na mke atakayesimama mbele yako siku ya aibu. Na akupe miguu ya kutoka nyuma yake mapema, usimwache asimame pale muda wote niliomwacha baba yako.