Mzee wa Nidhamu wa Ghorofa ya Saba

Katika kanisa la Waburundi la Mount Druitt, mtu akikamatwa amekosea anapelekwa kwa Anicet. Yeye ndiye mzee wa nidhamu, kazi aliyoianzia kambini Kigoma na kuja nayo Sydney pamoja na masufuria. Utaratibu wake haukuwa na mizunguko: ukikiri, unakaa benchi la nyuma Jumapili moja, ukikana, miezi mitatu huimbi kwaya. Watu walimnung'unikia sana, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba anapendelea, na Anicet alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichonacho.

Siku za kazi alikuwa mlinzi wa hoteli mjini. Ulikuwa wakati wa korona, na ghorofa ya saba walifungiwa wachezaji wa kriketi wa timu mbili za taifa, wenyeji na wageni, wakisubiri mechi kubwa ya Sydney. Sheria ilikuwa moja: mtu asitoke chumbani bila ruhusa. Anicet alikaa kwenye kiti mwisho wa korido, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, fomu zake mapajani. Kriketi yenyewe hakuijua. Aliwahi kuitazama siku nzima kwenye televisheni, jioni akaambiwa bado zimebaki siku nne, akazima.

Alasiri moja Brodie, mchezaji wa wenyeji, alitoka chumbani na chungwa na sinia la hoteli, akamgongea mlango Zaheen wa timu ya wageni. Anicet alimwona vizuri sana. Akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Alikaa hivyo, kichwa chini, wawili hao wakicheza kriketi koridoni, chungwa ndio mpira na sinia ndilo gongo, mpaka chungwa likapasukia ukutani na maji yakamrukia usoni. Hapo ilibidi asimame. Zaheen aliyekuwa akirusha akaweka mkono kifuani.

"Kosa langu, anko. Nimevunja sheria. Naomba unisamehe."

Brodie alimkonyeza Anicet, akaingia chumbani na sinia lake, akafunga mlango.

Jamani, Anicet aliguswa! Miaka kumi na minane ya nidhamu, na hajapata kuona toba iliyonyooka namna ile. Akaijaza fomu ya Zaheen mpaka pembeni: kwamba amekiri yote, bila kulazimishwa, kwa moyo uliopondeka. Alikuwa na hakika wakubwa wakisoma watalainika. Kwenye fomu ya Brodie aliandika mstari mmoja tu: alikuwa kwenye korido, hakusema kitu. Huyu kaisha, akajisemea, na kidogo akamhurumia.

Wiki haikuisha, uamuzi ukatoka. Zaheen hatacheza mechi ya Sydney. Brodie kapewa onyo. Kamati ya kriketi ilieleza kwamba mmoja kakiri mwenyewe, na wa pili ushahidi wake hautoshi. Huko kwao Zaheen watu waliwaka moto: upendeleo, wageni siku zote ndio wanaoadhibiwa! Anicet aliisoma habari hiyo kwenye treni mpaka kituo chake kikampita.

"Wamepindua!" alimwambia mkewe Fébronie alipofika. "Mwenye kukiri ndiye wamemfungia!"

"Si ni weye ulimuandikia?" Fébronie akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Timu ya wageni ikakata rufaa, na Anicet akaitwa kutoa ushahidi kwa Zoom, kutoka sebuleni kwake. Msimamizi wake wa kazi akampigia mapema. "Shika tu ile form, mate. Ukianza maneno mengi, hiyo post siyo yako tena." Anicet hakulala vizuri. Akishika fomu, Zaheen amekwisha. Akisema yote, yeye ndiye amekwisha.

Aliomba mkalimani, akapewa Mwiti, Mkenya, kwa simu. "Kila kitu kitakachosikika nitatafsiri," Mwiti alimwonya. "Hiyo ndiyo kazi yangu, mzee." Anicet akaona ni haki. Akavaa koti na tai, chini kaptula.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akauliza ni nani aliyeanza.

"Brodie," Anicet akasema. "Alimgongea mwenzake."

"Mbona hukuandika?"

"Fomu haikuwa na nafasi."

"Muongo!" Fébronie akapaza sauti toka jikoni. "Sema na ile kofia alikupatia! Si unaivaa kila siku ukimwagilia lengalenga?"

Anicet akakohoa kwa nguvu, lakini alikuwa amechelewa. Mwiti, kwa sauti tulivu kama msoma habari, aliyapeleka yote kwa Kiingereza: uongo, kofia, mpaka lengalenga. Mwenyekiti akataka kujua lengalenga ni kitu gani. Mwiti akamweleza kwamba ni mchicha, na namna unavyopikwa.

Anicet aliwaza kuizima kompyuta na kusingizia mtandao. Kisha akawakumbuka wote aliowasimamisha mbele ya kanisa, vijana wa watu wakitetemeka, yeye akiwaambia: sema, mwanangu, utapata nafuu.

"Kofia Brodie alinipa siku ya pili ya karantini," akasema. "Na ananiita kwa jina, Anicet, analitamka vizuri kuliko boss wangu. Nilimpenda. Ndiyo maana nilimwona anatoka nikainama. Huyu Zaheen nilitaka kumsaidia, nikamzamisha. Mimi mzee wa nidhamu nimependelea."

Mwiti alitafsiri, safari hii polepole.

Brodie naye akafungiwa mechi hiyo hiyo. Adhabu ya Zaheen haikuondolewa. Redioni, mashabiki wa wenyeji wakapiga simu wakisema safari hii wao ndio walioonewa, na Anicet akahamishiwa kwenye geti la maegesho ya magari, chini kabisa.

Huko ndiko Zaheen alikomkuta siku ya mechi, alipopewa nusu saa ya kunyoosha miguu. Akasimama mbali kama sheria ilivyotaka.

"Kumbe ningenyamaza, leo ningekuwa uwanjani."

"Ungekuwa uwanjani," Anicet akakubali.

"Na wewe umekiri, wakakuleta kwenye moshi."

"Ndiyo, wameniweka huku."

Zaheen hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza kwa dhati, kama wale vijana wa kwaya. "Sasa anko, mara nyingine tufanyeje?"

Kumwambia akiri, Anicet aliona haya. Kumwambia anyamaze, mdomo ulikataa. Gari likapiga honi getini, akalifungulia, likapita.

"Mara nyingine," akasema, "usitoke chumbani."